Enamu imenivuruga oda zote na testi zilikuwa kijani, naombeni msaada

fundi_usiku: Wakuu, habari za jioni. Nina mfumo wa oda wa duka la vipuri, nimeujenga kwa Rails (zana ya kujengea programu za wavuti). Enamu, yaani orodha ya hali za oda, ilikuwa hivi kwenye modeli:

`enum :hali, [:inasubiri, :imelipwa, :imetumwa]`

Juzi mwenye duka akataka iwepo na "imethibitishwa". Nikaichomeka baada ya inasubiri, testi zikapita zote, nikapandisha hewani. Asubuhi simu: oda zilizolipwa zinasomeka zimethibitishwa tu, zilizotumwa zinasomeka zimelipwa. Stoo wameshafunga upya mzigo uliomfikia mteja wiki iliyopita! Testi yangu inaita `imelipwa!` (iweke oda kwenye hali hiyo) halafu inauliza `imelipwa?` (je, iko kwenye hali hiyo?). Kosa liko wapi?

chake_chake: Pole mkuu. Databesi haina neno "imelipwa", ina 1. Ukiandika kwa mabano ya mraba, Rails inagawa namba kwa nafasi kuanzia 0, kwa hiyo ulipochomeka katikati, waliofuata wote wakasogea. Testi yako iliandika na kusoma kwa mpangilio uleule mpya, ingefelije? Zipe namba mwenyewe, mgeni apewe 3, kisha uzifunge kwa testi hii:

`assert_equal({ "inasubiri" => 0, "imelipwa" => 1, "imetumwa" => 2, "imethibitishwa" => 3 }, Oda.halis)`

(Ndiyo, `halis`. Rails inabandika s ya wingi hata kwenye Kiswahili.)

binti_tanga: Hapo si unanakili modeli mara mbili tu? Mimi safu naifanya ya maandishi, "imelipwa" inakaa kama "imelipwa", biashara imeisha.

chake_chake: Kunakili ndiko ninakokutaka, dada. Atakayegusa namba aone testi nyekundu kabla mteja hajapiga simu. Na maandishi nayo yana lake: ukibadilisha jina la hali, oda za zamani zinabaki na jina la zamani.

mzee_wa_kodi: Kijana, usirudishe namba za zamani kwa pupa. Oda zilizobadilishwa hali tangu upandishe zina namba za mpangilio mpya: kwao 1 ni imethibitishwa, 2 imelipwa, 3 imetumwa. Chukua nakala ya databesi kwanza, uzitenge hizo. `updated_at` (muda oda ilipoguswa mara ya mwisho) itakupa pa kuanzia tu, maana hata kurekebisha anwani kunaigusa.

fundi_usiku: Shikamoo mzee. Nimezitenga, ni 11. Nakaa na mhasibu tunazilinganisha moja moja na meseji za M-Pesa. Stoo nimewaambia wasifunge chochote mpaka kesho.