Mchoro wa mistari mitupu: hiyo hewa mnaiona wapi?

Mgeni wa Wino: Wakuu, habari zenu. Nimepewa mchoro mdogo wa mandhari, zile chapa za bamba la shaba lililoliwa na tindikali. Una mto, miti, na kilima kwa mbali. Kila anayeuona anasifia hewa yake, mimi naona mikwaruzo tu. Nianzie wapi? Msinicheke.

Mzee wa Shaba: Hatucheki mkuu, wengi tulianzia hapo. Linganisha mistari ya kilima na ya miti ya mbele. Ya mbali ni hafifu, sivyo? Usidhani ni wepesi wa mkono. Sindano inakwangua tu nta iliyopakwa juu ya bamba, kinachochimba shaba ni tindikali. Mchoraji analitoa bamba mapema, anaifunika mistari ya mbali kwa vanishi, kisha analirudisha ili ya mbele iliwe zaidi na ibebe wino mwingi. Umbali unaouona pale ni dakika za kulowekwa.

Kivuli77: Mimi huanza na pasipochorwa. Hebu cheki mto wako.

Mgeni wa Wino: Duh! Maji ni karatasi tupu! Kuna mistari mitatu tu ya ukingo.

Sindano Kavu: Sasa tafuta Miti Mitatu, chapa ya Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi, ya mwaka 1643. Juu kushoto mvua inashuka mshazari, mistari imenyooka kama ya rula. Haijifichi kwamba ni mistari, na bado unahisi baridi. Nyuma ya miti anga limeachwa jeupe, ndiyo maana miti inasimama vile. Halafu chungulia kichaka cha chini kulia: wapenzi wawili wamejibanza gizani. (Nilikaa miaka bila kuwaona, na nilikuwa najiita mjuzi.)

Mzee wa Shaba: Nyongeza. Ukiona utando wa kijivu usio na mstari wowote, huo ni wino ambao mchapaji hakuufuta wote juu ya bamba. Whistler, mchoraji Mmarekani, aliutumia sana kwenye mabamba yake ya Venice, aliyoyaanza mwaka 1879. Bamba moja, ukifuta tofauti, linakupa mchana au magharibi.

Mgeni wa Wino: Nimerudi na kioo cha kukuzia. Mistari ya shina la mti wa pili inakatika kabla ya kugusa ardhi, kama umesimama kwenye ukungu. Jana sikuuona huo ukungu, naapa. Ila kando yake kuna kitu cheusi, sijui ni mtumbwi au doa.

Kivuli77: Tupia picha tuone.