Chewa anaevuta bahari: anakula nini, anazaaje, na kwanini yuko mmoja tu?

MjukuuWaPwani

Wakuu heshima kwenu. Mi naandika hadithi ndefu, dunia ya kubuni kabisa, visiwa mia na kitu, miezi miwili angani, watu wanasafiri na majahazi, injini hakuna. Sasa kwenye hiyo bahari kuna mnyama ambae kila mtu anamjua na hakuna hata mmoja aliemuona mzima mzima. Nimemtoa kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza maji yanaendaga wapi yakipwa anatwambia kuna samaki, chewa mkubwa kule chini, akivuta pumzi maji yanakupwa, akiachia yanajaa, haya laleni. Nimemchukua kama alivyo nikampa jina Mwenye Maji.

Tatizo ni mdogo wangu. Kasoma sura tatu za mwanzo kanirushia maswali mpaka usingizi umekata. Anakula nini kama ni mkubwa hivo? Mamaake nani? Kama yuko mmoja tu alizaliwaje, na akifa inakuwaje? Mi nilikuwa nshaandika "ameishi tangu dunia kuumbwa" akacheka akasema kaka hapo umekimbia swali. Na kweli nimelikimbia.

Sitaki awe jini, majini ninayo sura ya saba na yana shughuli zake. Nataka awe samaki, samaki kweli, ana njaa, ana utumbo, ukimpasua ukute vitu ndani. Wajuzi wa bahari nisaidieni, nipo hapa nasoma.

HesabuTu

Tuanze na pumzi. Chukua ghuba ndogo tu, kilomita 10 kwa 10, maji yapande mita 4 kama bamvua, yale maji makubwa ya huku kwetu. Hapo una mita za ujazo milioni 400, tani milioni 400 na ushee ukiweka chumvi. Nyangumi wa buluu ndo mnyama mkubwa kuliko wote tunaowajua, mita 30 hivi, tani kama 150. Kwahiyo huyo chewa kwa ghuba moja tu kameza zaidi ya nyangumi milioni 2 na nusu wa maji kwa pumzi moja, na bado hujamwambia kuhusu bahari nyingine. Huyo si samaki mkuu, huyo ni bonde lenye mapezi.

Halafu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa saa 24 na dakika 50. Pumzi moja saa 12 na dakika 25. Samaki wa hivo akishtuka leo ataruka keshokutwa.

MjukuuWaPwani

Bonde lenye mapezi 😂😂 umeniulia mnyama asubuhi asubuhi. Ila sikuachi hivi hivi, nikipunguza ukubwa atavutaje maji sasa?

mwanafunzi_wa_matumbawe

Asivute. Ayafuate.

Yaani geuza tu: wavuvi wa kwenye hadithi yako wanaona kila maji yakikupwa sana ndo anasikika, basi wanasema yeye ndo kayavuta. Kumbe yeye anakuja kwa sababu maji yamekupwa, samaki wote wamebanwa kwenye mlango mmoja wa kutokea rasini, anakaa pale na domo wazi kama mtu alietega dema. Watu wako waamini wanavyoamini, we mwandishi ujue ukweli. Hapo tayari una mganga mmoja anaegombana na nahodha mmoja, sura nzima hiyo.

Na usidhani bibi alikuwa anapiga porojo. Chewa anakula kwa kuvuta maji kweli! Hakimbizi kitu kama jodari. Anatulia kwenye pango lake, samaki akipita anafungua domo ghafla, mashavu yanatanuka, maji yanaingia kwa kasi na samaki anaingia nayo mzima mzima, halafu maji yanatokea kwenye matamvua. Ukimwona mara moja hutaona ajabu mtu kufikiria kuna mmoja mkubwa huko chini anaifanyia bahari hivo hivo. Yule chewa mkubwa kabisa wa bahari ya Hindi na Pasifiki anafika mita 2.7 na kilo 400, domo lake mtoto anaingia. Wako mpe mita 20 inatosha, ataogopesha vizuri tu.

Chakula sasa. Watu wanakosea hapa, wanamfikiria samaki kama nyangumi. Nyangumi ana damu moto, kila siku anachoma mafuta kama lori. Samaki anaekaa kwenye baridi kali anajikalia. Papa wa Greenland anakwenda taratibu mno, na jike mmoja aliepimwa, majibu yalitoka 2016, umri wake ulikadiriwa karibu miaka 400, na ukichukua kadirio la chini kabisa bado ni 270 na kitu. Mwenye Maji akilala kwenye kina chenye baridi akapanda kula kwa msimu tu, hesabu za tumbo lake zinakubali.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye swali la mdogo wako la mama. Chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike. Wakishakua sana baadhi yao wanageuka madume, jike alietaga mwaka juzi leo ni dume. Unaona inapoelekea? Mwenye Maji ni dume pekee wa bahari nzima. Hana ukoo wa ajabu, wake zake na dada zake ni wale wale chewa wanaouzwa mnadani pale bandarini kwenye sura ya kwanza. Siku akifa, jike mkubwa kuliko wote huko aliko anaanza kugeuka na kukua. Kwahiyo kila mama nitilie anaekaanga chewa hajui kama anamkaanga mrithi.

MjukuuWaPwani

NIMESIMAMA. Kwenye sura ya kwanza kweli nilikuwa na mnada wa samaki, niliuweka kujaza ukurasa tu!!

Baharia wa Kilifi

Huku kwetu tunamuita tewa, ndiye huyo huyo. Mimi sijasoma hayo ya majike na madume lakini nitakupa ya mshipi. Tewa mkubwa ana shimo lake. Wazee walikuwa wanalijua shimo kwa alama za nchi kavu, mnazi ule ukikaa sawa na mnara wa msikiti, hapo hapo tia nanga. Unamvua leo, shimo linabaki tupu, ukirudi baada ya muda unakuta mwengine kaingia, pengine mkubwa vile vile. Mashimo mazuri hayakai bila mwenyewe.

Sasa mtoto aliyeonyeshwa shimo na babu yake, akaja akamuonyesha mjukuu wake, wote watatu wamemvua tewa pale. Wataapa ni yule yule hafi. Jambo la kuishi tangu dunia kuumbwa usilifute kijana, waachie watu waliseme. Wanalolizungumzia hasa ni shimo.

Na jingine, usimfanye kila saa anavunja vyombo. Samaki mkubwa hana haja na mbao.

Kidagaa Mbishi

Naunga mkono la kutovunja vyombo. Watu wakisikia mnyama wa bahari wanakimbilia picha ya kraken amekumbatia meli na milingoti inavunjika. Yule wa wavuvi wa Norwei hakuwa hivo kabisa. Askofu Pontoppidan wa Bergen aliandika habari zake miaka ya 1752 na 1753, akasema mgongo wake mzunguko unafika maili moja na nusu, chumvi imezidi hapo sawa, ila soma kazi ya wavuvi: walikuwa wanamTAFUTA. Wanashusha timazi mahali wanapojua kina ni pima 80 au 100, wakikuta 20 au 30 tu wanajua yuko chini yao, na samaki wamejaa juu yake, basi wanavua haraka haraka. Timazi ikianza kuonyesha kina kinapungua zaidi ujue anapanda, hapo ndo wanapiga makasia kuondoka. Na yule askofu anasema samaki wanafuata kinyesi chake, eti kinanukia vizuri kwao. Sasa mwandishi gani wa siku hizi ana ujasiri wa kuweka uchumi wa kisiwa kizima juu ya kinyesi cha mnyama? Kuwa wewe.

Kuhusu "hakuna aliemuona mzima", mbona hiyo ilitokea kweli. Ngisi mkubwa, Steenstrup kule Denmark alimpa jina la kisayansi 1857, akiwa na mdomo na vipande vipande tu. 1861 meli ya Kifaransa Alecton ikamkuta mmoja karibu na Tenerife, wakamfunga kamba, kamba ikamkata, wakapanda na kipande cha mkia. Midomo yao ilikuwa inajaa kwenye matumbo ya nyangumi wale wa kichwa kama kabati. Picha ya kwanza ya akiwa hai kwenye kina chake ni 2004, Kubodera na Mori wa Japani. Karibu miaka 150 toka apewe jina! Na ni mnyama anaefika mita 12, ukihesabu na mikono yake mirefu.

Kwahiyo mpe Mwenye Maji vipande. Gamba moja limewekwa paa la kibanda. Mfupa wa shavu watu wanautumia kama daraja na hawajui ni nini.

TangaRaha

Hata yule samaki wa kale, silikanti, tusimsahau. Dunia nzima iliamini ametoweka zama za dinosaria mpaka 1938 akapatikana Afrika Kusini, na sisi huku Tanga toka 2004 wakawa wanaingia kwenye majarife mmoja baada ya mwingine. Wanakadiria mimba yake inakaa miaka 5. Mitano! Ukitaka mnyama wa taratubu usihangaike kubuni.
*taratibu

HesabuTu

Nimerudi maana mnaongea yote mmeacha kitu kikubwa kimening'inia angani. Umesema MIEZI MIWILI halafu ukapita kama umesema ndizi mbili. Bamvua ya kwetu inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kwa sababu jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja. Na mvuto wa maji unategemea sana umbali, mwezi huu huu wetu ukiusogeza nusu ya umbali nguvu inakuwa mara 8. Kwahiyo hata kale kamwezi kadogo kakiwa karibu hakana utani.

Tufanye mwezi mkubwa unaandama kila siku 29 na mdogo kila siku 12. Bamvua ya mkubwa kila siku 14 na nusu, ya mdogo kila siku 6. Zinagongana kila siku 174. Hapo ndo bahari inakimbia mpaka wavuvi wanatembea kwa miguu mahali ambapo hawajawahi kupaona. Sasa angalia hii, nimeipiga mara mbili: mgongano mmoja mkubwa umeandama na mdogo ni mpevu, una mwanga. Unaofuata, siku ya 348, yote miwili inaandama pamoja. Kiza kitupu.

mwanafunzi_wa_matumbawe

Wewe HesabuTu!! Chewa wengi kwa kawaida wanaishi kila mtu kivyake, halafu miezi fulani tu ya mwaka wanakusanyika sehemu moja ya mwamba kutaga, na wanaifuata hali ya mwezi, wengine wanakuja kwenye mpevu wengine kwenye mwandamo. Wanasafiri mbali kufika. Kwahiyo usiku wa siku ya 348 majike wote wa bahari wanakuja mwambani, na dume anapanda kutoka kinani. Mara moja kila siku 348, usiku usio na mwezi hata mmoja. Ndo maana hakuna aliemuona.

Na huo ndo usiku mbaya kuliko yote kumuua, maana mvuvi mjanja akishaujua mkusanyiko anafagia wote. Imetokea kweli kwa chewa sehemu nyingi duniani, wanavuliwa wakiwa wamejazana wanataga na baada ya miaka michache mwamba haurudiwi. Hapo una mgogoro wa kitabu bila kumleta jini.

MjukuuWaPwani

Jamani nimeandika leo kuanzia saa nne usiku. Nawawekea kipande kidogo, msinicheke:

*"Usiku wa Viza Viwili bahari ilikuwa imeondoka. Mashua zililala ubavu kwenye mchanga kama ng'ombe. Bi Rehani hakuwasha kandili. Alikaa juu ya jiwe la Mlango akisikiliza maji yaliyobaki yakipita kwenye mfereji, na ndani ya yale maji chewa walikuwa wanapita, mmoja, kumi, halafu hakuweza kuhesabu tena. Kisha mfereji ukanyamaza. Kitu kilikuwa kimeuziba. Kilifungua domo lake, na meno yake yakatafuna—"*

Nimeishia hapo sijui kama namuonyesha au simuonyeshi.

Baharia wa Kilifi

Vizuri, hiyo ya mashua kulala kama ng'ombe imenikumbusha Mtwapa. Lakini meno yatoe. Tewa ana vijino vidogo vya kuzuia kitu kisitoke, kutafuna hatafuni, anameza. Na usimuonyeshe. Weka mlio wake. Tewa mkubwa akishtuliwa ananguruma, dumm, moja tu, huisikii kwa sikio sana, unaisikia kwenye ubao wa chombo ukiwa umekaa, inapanda kwenye mgongo. Huyo mama amekaa juu ya jiwe, basi aisikie kwenye jiwe.

Kidagaa Mbishi

Na kinyesi je?

MjukuuWaPwani

Sura ya tano mkuu, nimekuwekea kodi yake na mtoza kodi kabisa.