Cabaret: ilikuwa sawa kuwapa Wanazi wimbo mtamu vile?

Mleta mada
Wakuu, juzi tulijazana sebuleni watu sita tukaangalia Cabaret, ile filamu ya nyimbo ya Bob Fosse ya mwaka 1972, inayosimulia Berlin ya 1931. Asubuhi yake mdogo wangu yuko bafuni, anaoga na kupiga mluzi. Nikatega sikio: ni wimbo wa Wanazi wa kwenye filamu. Nikamgongea mlango. Akajibu, "Kaka, ni mtamu, nifanyeje?"

Kwa ambao hawajaiona: nyimbo karibu zote zinaimbwa ndani ya klabu ya usiku, Kit Kat Klub, Liza Minnelli akiwa Sally Bowles, na Joel Grey akiwa mshereheshaji aliyejipaka uso mweupe. Wimbo mmoja tu, "Tomorrow Belongs to Me", yaani kesho ni yangu, unaimbwa nje, mchana kweupe. Ni baa ya wazi huko mashambani, familia na wazee wamekaa na bia zao. Kijana wa nywele za dhahabu anaanza kuimba habari za jua na msitu, sauti laini kama ya kwaya ya kanisani. Kamera inashuka polepole kutoka usoni, ndipo unaona kitambaa cha swastika, alama ya Wanazi, mkononi. Mmoja baada ya mwingine wanainuka kuitikia, hadi kwaya inageuka gwaride.

Mimi nasema Fosse alipatia. Angewapa wimbo mbovu wa kufoka, tungewacheka na kwenda kulala tukijiona wajanja. Mdogo wangu angeoga kimya, na asingejua kwamba hata yeye miguu yake inaweza kuinuka.

Fundi Saa
Napinga, mkuu. Wimbo ule si wa Wanazi hata kidogo. Waliutunga John Kander na Fred Ebb, Wayahudi wawili wa Marekani, kwa ajili ya Cabaret ya jukwaani, Broadway, New York, mwaka 1966. Hitler alikufa bila kuusikia. Baadaye nini kikatokea? Skrewdriver, bendi ya wabaguzi wa Uingereza, wakaurekodi, tena kwa moyo mkunjufu, bila kejeli yoyote. Umemchongea adui mkuki halafu unasema ulitaka kumwonyesha mtoto jinsi unavyochoma.

Mama Kizito
Mwanangu Fundi, mikuki walikuwa nayo tele. Horst-Wessel-Lied, wimbo wa chama chao, iliimbwa mitaani kabla ya Kander kuijua piano. Ungemnyima Mnazi wimbo huu, angeimba mwingine.

Mimi linalonikera ni lingine. Filamu inakuacha uamini kwamba anasa ndiyo iliyomleta Hitler: wanawake wanapigana mieleka kwenye tope, wanaume wamevaa magauni, halafu ghafla Wanazi hao hapo. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Si unaona, maadili yaliporomoka." Haya, tazameni kura. Mwaka 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6, viti 12 bungeni. Septemba 1930, asilimia 18.3, viti 107. Julai 1932, asilimia 37.3, viti 230. Katikati hapo kilichofurika ni watu wasio na kazi, kama milioni 6 mwanzoni mwa 1932. Na Berlin yenyewe, hiyo ya magauni na vilabu, iliwapa kura chini ya wastani wa nchi. Schleswig-Holstein, mkoa wa wakulima, uliwapa zaidi ya nusu.

Mleta mada
Mama, hapo umenisaidia bila kutaka. Kumbe wimbo umewekwa panapostahili: shamba, familia, bia ya mchana. Klabuni Wanazi ni wateja, na mwanzoni meneja anamtoa mmoja nje. Kule baa ya wazi wao ndio wenyeji.

Mama Kizito
Hilo nakupa. Lakini dakika za klabu ni nyingi, na za shamba ni chache mno.

Fundi Saa
Msimsahau Maximilian, yule tajiri. Anasema Wanazi ni wahuni tu, waachwe wawamalize wakomunisti, kisha watadhibitiwa. Wimbo unapokolea kule baa ya wazi, Brian, yule Mwingereza rafiki wa Sally, anamuuliza kama bado anaamini watawadhibiti. Jamaa anainua mabega. Ndivyo alivyojidanganya Franz von Papen, mwanasiasa wa Ujerumani, Januari 1933: alimsaidia Hitler kuwa kansela tarehe 30 akidhani amemweka mfukoni. Kwangu mimi onyo lote la filamu limo kwenye swali hilo moja, na halihitaji wimbo mtamu.

Mkazi wa Arusha
Wakubwa zangu, mnaongea kama vile jambo hili halijafika kwetu. Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda, alihukumiwa hapa Arusha mwaka 2008 na mahakama ya Umoja wa Mataifa, miaka 15. Nyimbo zake zilipigwa RTLM, redio ya chuki ya Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na majaji walikubali kwamba zilitumika kuchochea chuki. Ila kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti akiwa barabarani Juni 1994. Nyimbo alizitunga kabla ya mwaka huo, nje ya kipindi ambacho mahakama ilipewa kukihukumu. Kwa hiyo wimbo kama wimbo haukumtia jela. Sijui kama nifurahi au nisikitike.

Fundi Saa
Mfano wako unanipa nguvu mimi. Wimbo hauulizi nani kautunga na kwa nia gani. Ukishatoka nje, umetoka.

Mkazi wa Arusha
Hapana, ndugu yangu. Filamu inakuonyesha kitambaa cha mkononi. Redio haikuonyeshi mkono wa mtu.

Mama Kizito
Na ule wimbo wa sokwe, wa klabuni? Mshereheshaji anacheza na sokwe aliyevaa kama bibi, anawasihi watu wamtazame mpenzi wake kwa macho yake. Tunacheka. Mstari wa mwisho ananong'ona kwamba kwa macho hayo wala asingeonekana Myahudi. Broadway 1966 Wayahudi walilalamika, mstari ukabadilishwa. Filamu ikaurudisha. Niliwahi kukaa na watu walioendelea kucheka hata baada ya mstari ule, na hapo sikuwa na jibu.

Mleta mada
Kwa huo wa sokwe, mama, nanyamaza. Watu kama hao nimekaa nao pia. Kwa wimbo wa shambani sijasogea hata hatua.

Mdogo wangu amesimama nyuma yangu anasoma yote haya. Kaniuliza kuhusu yule mzee mmoja anayebaki amekaa wenzake wote wakisimama: kwa nini hakuondoka kabisa? Nimemjibu bia yake ilikuwa haijaisha. Hajaridhika. Mwenye jibu zuri zaidi aliweke hapa, maana leo ni zamu yake kupika na amegoma.