Miguu ikae wapi? Makosa yangu ya wiki tatu za kwanza kwenye pikipiki

Mwanagenzi ameuliza:

Ndugu zangu, ninajifunza kuendesha pikipiki na leo nimetimiza wiki ya tatu. Kuwasha, kuachia klachi na kubadilisha gia sasa ninaweza bila injini kuzimika kila mara, lakini miguu imenisumbua kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila ninapoondoka, miguu yote miwili huning'inia na kuburuzika chini kwa hatua tano au sita kabla sijaipandisha kwenye vikanyagio, yaani vile vyuma vya kuwekea miguu. Nikishaipandisha, wa kulia hukaa juu ya pedali ya breki na wa kushoto hujipenyeza chini ya wenzo wa gia, kwa kuwa nahofia kwamba likitokea jambo la ghafla nitachelewa kuvifikia. Juzi mwenzangu aliyekuwa akinifuata aliniambia kwamba taa yangu ya breki haikuzimika njia nzima, hata pale nilipokuwa nikiongeza mwendo. Siku hiyohiyo, nikikata kona ya kushoto, ncha ya kiatu iligusa lami, mguu ukavutwa nyuma kwa nguvu, na ilibaki kidogo tu nianguke.

Mwalimu wangu anasema nikanyage kwa katikati ya unyayo, ilhali rafiki yangu mwenye uzoefu wa miaka mingi anasisitiza nikanyage kwa ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Nimsikilize nani? Na ninaposimama, niteremshe mguu mmoja au yote miwili? Niongeze kwamba baada ya nusu saa kifundo cha mguu wa kulia huanza kuniuma, ingawa sijui kama hilo lina uhusiano na haya.

Mkufunzi Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, uliyoyaeleza nimeyaona kwa karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha, kwa hiyo usidhani una kasoro ya pekee.

Nianze na huko kuburuza miguu. Unaiacha chini kwa sababu unaamini kwamba ndiyo itakayoizuia pikipiki isianguke, na imani hiyo ni ya kweli pikipiki ikiwa imesimama tu. Ikishaanza kubingirika, kinachoiweka wima ni mwendo wake na marekebisho madogo ya usukani ambayo mikono yako huyafanya bila wewe kuyafikiria. Mguu unaoning'inia hausaidii chochote, bali hukunyima breki ya nyuma katika muda uleule unaoihitaji zaidi, na ukinaswa na jiwe au ukingo wa barabara utapindwa nyuma hadi chini ya kikanyagio. Nakushauri utafute uwanja mtupu ulio tambarare. Achia klachi polepole hadi usikie sauti ya injini ikishuka na pikipiki ikitaka kusogea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tulia hapo, inua kidevu, tazama mbali, kisha ongeza mafuta kidogo na upandishe mguu gurudumu linapoanza tu kuzunguka. Simama baada ya mita 10, urudie. Wengi wanaoburuza miguu hawana tatizo la miguu hata kidogo: wanatazama tairi la mbele, na wanaachia klachi kwa woga kiasi kwamba pikipiki inayumba kwa kukosa mwendo.

Kuhusu kuegemeza mguu kwenye breki, taa isiyozimika ni madhara madogo, ingawa anayekufuata hatajua ni lini umefunga breki kweli. Kubwa zaidi ni joto. Breki ya diski inayosuguliwa njia nzima hupasha moto mafuta yake. Mafuta mapya ya DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 155, na yakichemka pedali huzama chini bila kushika kitu. Mguu wa kushoto nao usikae chini ya wenzo wa gia wala juu yake. Ukiwa chini, tuta moja tu litakupandishia gia. Ukiwa juu, tuta hilohilo litakushushia gia ghafla, na gurudumu la nyuma linaweza kuserereka.

Hofu yako ya kuchelewa ninaielewa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na hakuna anayetaka kupoteza hata nusu ya sekunde. Hata hivyo, breki ya kuiweka tayari ni ya mbele, kwa vidole viwili juu ya wenzo wake, bila kuubana. Unapofunga breki kwa nguvu, uzito mwingi hukimbilia mbele, ndiyo maana walimu wengi hukadiria kwamba breki ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi. Ukikaribia njia panda au mahali penye watoto, sogeza mguu wa kulia juu ya pedali bila kuigusa, ukishapita, urudishe.

Kati ya mwalimu wako na rafiki yako, mimi namfuata rafiki. Ukikanyaga kwa sehemu iliyo nyuma ya vidole, ncha ya kiatu haiwezi kugusa lami unapolala kwenye kona, wala mguu hauwezi kulalia pedali kwa bahati mbaya.

Msafiri wa Vumbi amejibu:

Naheshimu maneno ya Mkufunzi, na kuhusu klachi sina la kuongeza. Kwenye unyayo, hata hivyo, naona mwalimu wa kijana huyu ana haki, angalau kwa wiki hizi za mwanzo. Anayekanyaga kwa nyuma ya vidole hulazimika kuusogeza mguu mbele kila anapotaka gia au breki, kisha kuurudisha. Mzoefu hufanya hivyo bila kujua, lakini mwanafunzi huinamisha kichwa ili atazame kiatu chake, na katika kuinama huko macho yameshaondoka barabarani. Ni heri akanyage kwa katikati ya unyayo, kisigino kikiwa nyuma tu ya kikanyagio na vidole vikielea juu ya pedali kwa nafasi ya kidole kimoja, mpaka mguu utakapozoea mahali vitu vilipo. Akikaribia kona ndipo aurudishe nyuma, na afanye hivyo kabla ya kuanza kulala, si katikati ya kona.

Tena kwenye barabara mbovu, mtu anaposimama juu ya vikanyagio ili magoti yapokee matuta badala ya uti wa mgongo, katikati ya unyayo ndipo penye nguvu. Jaribu kusimama kwa nyuma ya vidole kwa dakika kumi juu ya njia ya mawe, kisha uniambie misuli ya shavu la mguu inasemaje.

Kosa la kona, kwa maoni yangu, halikutokana na mahali ulipokanyagia bali na uelekeo wa vidole. Wanafunzi wengi hukaa kama bata, vidole vikitazama nje, magoti yakiwa yametanuka. Kiatu kikitoka nje ya kikanyagio kwa upana wa vidole vitatu, lami haiko mbali. Dawa yake ni kulibana tangi kwa magoti, kwani magoti yakigusa tangi unyayo hunyooka wenyewe, na mikono nayo hulegea kwa kuwa haibebi tena mwili wote. Ukiona viganja vinakufa ganzi, jua magoti yako yamelala.

Mama Helmeti amejibu:

Swali la kusimama halijajibiwa, kwa hiyo nitalijibu mimi. Teremsha mguu wa kushoto peke yake, na wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma hadi pikipiki itulie kabisa. Kwa namna hiyo taa ya breki inaendelea kumwonya aliye nyuma, na kwenye mwinuko hutarudi kinyumenyume. Kanuni hii inategemea breki kuwa kulia na gia kushoto, kama zilivyo pikipiki karibu zote za leo. Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa kinyume chake, hadi Marekani ilipolazimisha mpangilio mmoja katikati ya miaka ya 1970. Ukikutana na kikongwe cha namna hiyo, usiondoke kabla ya kukikagua.

Hatua za mwisho za kusimama ndizo zinazoangusha watu, na huanguka bila mwendo wowote. Nyoosha usukani kwanza. Ukibana breki ya mbele huku usukani umepinda, pikipiki huinama upande ule uliopindia kwa uzito ambao mguu mmoja hauwezi kuuzuia. Kwenye mwendo wa kutambaa tumia breki ya nyuma, taratibu. Kabla ya kukanyaga chini, angalia utakanyaga nini, kwa kuwa mchanga, mafuta yaliyomwagika au kishimo kidogo vinatosha.

Na viatu, tafadhali. Mwezi wangu wa kwanza nilivaa viatu vya kamba ndefu. Nilifika kwenye taa nyekundu, nikasimama vizuri kabisa, nikataka kuteremsha mguu wa kushoto, nao haukuja: kitanzi cha kamba kilikuwa kimenasa kwenye wenzo wa gia. Nilishuka polepole kama gunia, mbele ya foleni nzima, nikiwa nimeshika usukani kwa adabu. Tangu siku hiyo kamba zangu huzichomeka ndani ya kiatu, na kiatu chenyewe hufunika kifundo cha mguu. Ndala msizitaje kabisa.

Fundi Spana amejibu:

Nimesoma yote, na naona kuna jambo moja ambalo wenzangu wamelipita. Kijana amesema kifundo cha mguu wa kulia humuuma na taa ya breki haizimiki. Inawezekana haegemezi mguu kwenye breki kwa woga peke yake. Inawezekana pedali yenyewe iko juu kupita kiasi kwa mguu wake. Pikipiki nyingi hufika mikononi mwa mtu zikiwa zimerekebishwa kwa mguu wa mwingine.

Kaa juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, uvae viatu unavyoendeshea, weka mguu ulivyozoea, kisha mtu mwingine atazame kutoka pembeni. Ikiwa inakubidi ukunje kifundo kuelekea juu ili kiatu kisiiguse pedali, hapo kuna kosa la urekebishaji. Chini ya pedali kuna boliti ya kuizuia yenye nati ya kufungia. Legeza nati, geuza boliti hadi uso wa pedali uwe sawa na sehemu ya juu ya kikanyagio au chini yake kidogo, kisha kaza. Usiishie hapo. Ukishusha pedali, mchezo wake, yaani nafasi inayosogea kabla breki haijashika, hubadilika, kwa hiyo kama ni breki ya drami rekebisha pia nati iliyo mwisho wa fimbo inayounganisha pedali na breki kule nyuma, halafu uinue gurudumu na kulizungusha kwa mkono uhakikishe halisugui. Mwisho, rekebisha swichi ya taa ya breki. Mara nyingi ni kijiswichi chenye springi kilichoshikwa na nati ya plastiki. Zungusha nati, si swichi yenyewe, maana ukizungusha swichi utakata nyaya.

Wenzo wa gia nao hurekebishika. Kama umefungwa juu ya meno ya shafti, uchomoe na kuusogeza kwa jino moja, ujaribu kwanza kabla ya kusogeza la pili.

Mwanagenzi amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimefanya alivyoelekeza Fundi, na pedali ilikuwa juu ya kikanyagio kwa upana wa vidole viwili kamili. Niliishusha, nikarekebisha fimbo na swichi, kisha leo nikaendesha kwa muda wa saa nzima huku mwenzangu akinifuata. Taa inazimika, na kifundo hakikuuma. Kwa sasa ninakanyaga kwa katikati ya unyayo na kuurudisha nyuma kabla ya kona, ingawa mara mbili nilisahau na kukumbuka nikiwa tayari nimelala. Mguu wa kulia hauburuziki tena. Wa kushoto bado, hatua mbili.

Fundi Spana amejibu:

Vizuri. Baada ya siku chache zikague tena nati zote mbili za pedali, kwa kuwa nati iliyoguswa karibuni hupenda kulegea kwa mtikisiko.