Mteja kachukua vitanda hataki kumalizia hela, polisi wanasema ni madai. Naanzia wapi?

seremala_keko
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri maana hata usingizi sipati. Mi ni fundi samani hapa Keko, mwaka jana mwezi wa tisa jamaa mmoja mwenye lodge Tabata alinipa oda ya vitanda nane vya mninga, tano kwa sita, kila kimoja 700,000, jumla 5,600,000. Akanitumia advansi milioni mbili kwa simu, mbao zingine nikakopa na aliyenikopesha sasa hivi kila asubuhi yuko mlangoni kwangu. Vitanda nilipeleka mwenyewe na kirikuu nikafunga chumba kwa chumba mpaka saa nne usiku. Tangu hapo kanitumia laki nne tu, zimebaki 3,200,000, ananipiga kalenda, mara mwisho wa mwezi, mara wageni hamna, siku hizi meseji anasoma hajibu.

Hatukuandikishana mkataba. Nina kauntabuku ya karakana na aliyesaini kupokea ni meneja wa lodge, sio yeye. Nimeenda kituo cha polisi wakaniambia hayo ni madai niende mahakamani. Vijana wangu wanasema tukodi gari twende tukachukue vitanda vyetu. Mahakama naiogopa na hela ya wakili sina. Mwenye kujua anielekeze tafadhali.

wakili_mtaani
Pole sana fundi. Kitu cha kwanza wazuie hao vijana leo hii. Vitanda ulishamkabidhi, unachomdai sasa ni hela. Mkiingia kule kwa nguvu yeye ndo atakimbilia polisi, na safari hiyo faili litafunguliwa kweli, la jinai, lenye jina lako.

Na polisi walikujibu sawa. Mtu kushindwa kulipa deni peke yake sio jinai. Ingekuwa jinai kama tangu mwanzo alikudanganya ili apate mzigo, mfano kakuonyesha muamala feki. Huyu katoa advansi, akapunguza na laki nne, hapo ni madai.

Halafu usiseme huna mkataba. Mkataba unao, wa mdomo, na sheria inautambua, shida inakuja kwenye kuuthibitisha tu. We hesabu ulivyonavyo: muamala wa milioni mbili, muamala wa laki nne, kauntabuku, vijana waliofunga vitanda. Sasa niambie, kwenye meseji kuna sehemu yoyote amekiri deni?

seremala_keko
Ipo mkuu, nimeitafuta sasa hivi. Kaandika "fundi vitanda nimeviona viko poa, salio nakumalizia tarehe 30". Na voisi moja anasema nimvumilie hiyo milioni tatu na kitu.

wakili_mtaani
Basi una kesi nzuri kuliko unavyodhani. Kama saini ya meneja ilikuwa inakutia wasiwasi, hiyo meseji imeziba, mwenyewe kakiri mzigo kapata na salio lipo. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Piga skrinshoti zinazoonyesha namba yake na tarehe, ziprinti, na hiyo simu usiuze wala usibadilishe mpaka kesi iishe.

Unaenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo analokaa au ilipo lodge. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 linasikilizwa pale, Kiswahili mwanzo mwisho, na watu wengi wanajisimamia wenyewe. Madai ya mkataba yana miaka 6 kwa hiyo muda unao, ila usikae nao, meneja akiacha kazi utampata wapi?

dogo_gongolamboto
Samahani naingilia, mi bosi kaniachisha kazi wiki tatu zilizopita, na mimi naenda Mwanzo?

wakili_mtaani
Hapana mdogo wangu, ya kazi yanaanzia CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa kuachishwa kazi una siku 30 tu tangu ulipoachishwa. Nenda kesho asubuhi, nakuomba.

mama_vitenge
Kaka fundi mi yalinikuta, nauza vitenge Kariakoo, dada mmoja alichukua mzigo wa 1,800,000 akapotea. Nilianza na barua ya madai, nikaandika deni limetokana na nini, kiasi gani, nikampa siku 14, nikampelekea na shahidi akasaini nakala yangu. Hakulipa, nikafungua kesi. Samansi ya kwanza hakuja, ya pili akaja na kusema ananidai yeye! Nikafungua daftari mbele ya hakimu, ukurasa una mwandiko wake mwenyewe na rangi ya kila kitenge, akanyamaza.

Nilishinda, ila nisikufiche, kushinda sio kulipwa. Alikuwa na siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, hakukata na hela hakuleta. Nikarudi kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, nikaorodhesha mali zake ninazozijua, friza mbili na bajaji. Aliposikia dalali wa mahakama anakuja ndo akaanza kulipa kidogo kidogo. Kwa hiyo we anza mapema kujua huyo bwana ana nini. Na tarehe ya kesi usikose hata moja, wewe mdai usipotokea inaweza kufutwa.

wakili_mtaani
Dada kasema kweli tupu. Naongeza moja, angalia BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, hiyo lodge imesajiliwaje. Kama ni jina la biashara tu, unamshitaki yeye kwa majina yake kamili. Kama ni kampuni, kampuni ni mtu mwingine kisheria, na ukimtaja asiyehusika utapoteza miezi bure. Ukikwama kuandika, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake) wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo.

seremala_keko
Asanteni sana, vijana nimeshaongea nao wameelewa. Barua naiandika usiku huu, nimpelekee lodge au nyumbani kwake?

mama_vitenge
Kokote utakakomkuta yeye mwenyewe, ila nenda na mtu mzima wa kushuhudia. Akikataa kusaini, huyo shahidi wako aandike hapo hapo tarehe na saa, kwamba kapewa kakataa.