Printa ya wino kwa picha nyeusi na nyeupe: niende na ipi?

PichaKihesa (Iringa)

Wakuu habari za jioni. Nina kastudio kadogo hapa Kihesa: pasipoti, vitambulisho, na kusafisha picha za zamani. Hiyo ya mwisho ndiyo imeanza kunilipa. Watu wanaleta picha za wazazi wao zimekunjika, nyingine zimeliwa na mende. Naskani, naziba mikwaruzo, wao wanataka A4 au A3 ya kutundika sebuleni, au ya kuweka mezani siku ya misa ya kumbukumbu.

Shida ni printa. Ninayo ya matangi manne ya wino, na kwa pasipoti haina neno. Nikiipa picha nyeusi na nyeupe inanichezea. Juzi mama mmoja kaleta picha ya marehemu baba yake: mzee kakaa kwenye kiti cha mbao, kavaa koti zito, nyuma pazia la studio limechorwa minazi (minazi, Iringa!). Kwenye kompyuta kijivu safi kabisa. Kwenye karatasi ya glosi (ile inayong'aa) koti limetoka kijani kama la mgambo. Nikabadilisha mipangilio iwe nyeusi na nyeupe, kijani kikapungua, ikaja zambarau kwenye vivuli vya uso.

Nataka nyingine kwa kazi hii tu. Muuzaji ananisukumia Epson L8050, eti ina rangi sita. Wengine wananitajia L8180, wengine Canon PRO-200. Wateja wangu ni wa kawaida, hawawezi bei za Dar. Naombeni ushauri.

Toner_Tu

Dada nunua leza nyeusi, hiyo haijui kijani. Kwisha habari.

MwanjelwaPrints (Mbeya)

Mkuu, leza kwa uso wa mtu hapana. Kijivu chake ni vidoti vyeusi, shavu linatoka na chengachenga. Na dada, usije ukaingiza karatasi ya glosi ya wino kwenye leza: pale ndani kuna roli ya moto, ngozi ya karatasi itayeyuka na kuganda.

Turudi kwako. Usihesabu rangi, uliza kama kuna wino wa kijivu. Sita za L8050, na kubwa yake L18050, ni nyeusi, sayani (buluu ya kuelekea kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano, halafu sayani nyepesi na majenta nyepesi. Hizo nyepesi zinasaidia ngozi na anga kwenye picha za rangi. Kijivu bado inakipika kwa kuchanganya, na rangi moja ikizidi kidogo tu, au ukibadilisha aina ya karatasi, koti linarudi kuwa la mgambo. Tena mchanganyiko wa hivyo unaweza kuonekana sawa chini ya taa ya ofisini, mteja akitoka nao juani anaona kitu kingine.

L8180 nayo ni matangi sita lakini mpangilio ni tofauti: nyeusi mbili, kijivu kimoja, na rangi tatu za kawaida. Inafika A3+ (kubwa kidogo kuliko A3). Kama A4 inakutosha ipo L8160, au Canon G640, nayo ina tangi la kijivu. PRO-200 kwa kijivu inazishinda zote hizo, ina wino nane, kijivu na kijivu chepesi vikiwemo. Ila katriji yake ni mililita 12.6, wakati chupa ya L8180 ni mililita 70. Piga hesabu A3 za wazee waliovaa makoti meusi utabaki na nini. Mimi natumia L8180 na sijutii.

Kuhusu printa uliyonayo: angalia kama wino mweusi ni wa pigmenti (chembe ndogo za rangi zinazoelea, sio rangi iliyoyeyuka). Wa aina hiyo haushiki vizuri kwenye glosi, kwa hiyo mashine inauacha na kupika weusi kwa rangi tatu. Chapa picha hiyohiyo kwenye karatasi ya kawaida, kwenye mipangilio uchague "karatasi ya kawaida" na "kijivu". Kijani kikipotea, mchawi umempata.

Wakati unajichanga, ipe picha rangi ya kahawia kidogo kwa makusudi kabla ya kuchapa. Jicho linasamehe kahawia, hasa kwenye picha ya zamani. Kijani halisamehi.

BaridiNjombe

Naongezea ya huku juu kwetu. Mwezi wa sita na wa saba hewa ni kavu, printa ikikaa bila kazi hedi (kichwa kinachorusha wino) inaziba. Chapa ukurasa mdogo wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna mteja. Halafu zima kwa kitufe cha printa chenyewe, sio ukutani. Ukizima kwa kitufe hedi inarudi kwenye maegesho yake na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi inabaki wazi, inakauka. Nunua hata yupiesi ndogo (betri ya kushikilia umeme), ikupe dakika za kuzima kistaarabu. Kusafisha hedi mara kwa mara ni kumwaga wino wa kulipiwa.

PichaKihesa (Iringa)

Asanteni sana. Jaribio la karatasi ya kawaida nimelifanya, kijani hakuna! Swali moja tu: hizo za kutundika, zitadumu? Sebule nyingi jua linapiga ukutani.

MwanjelwaPrints (Mbeya)

Rangi za L8180 na wino wote wa PRO-200 si pigmenti, jua litazila taratibu. Weka kioo, na mwambie mteja asitundike mkabala na dirisha. Wanaotaka uhakika zaidi wananunua za pigmenti tupu, Canon PRO-300 au Epson P700 na P900. Kwa bei za wateja wako sikushauri uanzie huko.

Nitumie faili la huyo mzee, la TIFF (lisilopoteza ubora), sio la WhatsApp. Nitalichapa A4 kwenye glosi na kwenye mati (isiyong'aa), nikupe kwa basi la asubuhi. Ukizipata, acha hadi kesho yake zikauke vizuri, kisha zitazame dirishani, halafu chini ya taa yako.

PichaKihesa (Iringa)

Natuma usiku huu kaka. Nauli ya bahasha juu yangu, naomba uweke kadibodi pande zote mbili, hawa makondakta wanakalia mizigo.