Mmeukataa wimbo wetu kwa kuwa ni wa sherehe, kisha mmechukua biti yake kutangazia sherehe yenu

Mbukwenyi wanajukwaa.

Kuna redio moja hapa Dodoma ambayo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa wahusika wanajijua na malalamiko yangu nimekwisha kuwafikishia kwa maandishi. Mtangazaji wa kipindi chao cha hip hop aliupokea wimbo wetu, akaucheza bila hata kufika ubeti wa pili, akaukata, kisha akawaeleza wasikilizaji kwamba hiyo si hip hop bali ni kelele za harusini, kwamba ala zenyewe ziko nje ya sauti, na kwamba vijana wa Dodoma waache kuuchafua utamaduni huo kwa nyimbo za kula bata. Niliumia, lakini kuumizwa na maoni ya mtu ni sehemu ya kazi hii. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni kwamba baadaye redio hiyo hiyo ilianza kurusha tangazo la sherehe yake ya kufunga mwaka, na muziki unaosikika chini ya sauti ya msomaji wa tangazo ni wetu: ngoma zetu, besi yetu na vigelegele vya mama zetu wa kikundi cha ngoma cha Chamwino. Tulipopeleka wimbo tuliambatanisha na biti tupu, ili mchanaji wetu aweze kughani palepale iwapo angeitwa kwenye mahojiano. Hakuitwa, na faili hilo ndilo lililotumika. Hatukuulizwa, hatukulipwa, na hakuna aliyetajwa.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki, nina studio ndogo Nkuhungu, na biti hiyo niliijenga mimi. Nitaeleza ilivyojengwa, kwa sababu nina hakika kwamba aliyeikataa na aliyeichukua hawajui ni kazi ya namna gani waliyoishika mikononi.

Biti hiyo imejengwa juu ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku akiimba na kuutikisa mwili wote, na chimbuko lake ni shughuli za unyago, ingawa siku hizi utaisikia kwenye harusi, kanisani na kwenye mapokezi ya viongozi. Anayefahamu kutengeneza muziki kwa kompyuta ataelewa ugumu uliokuwepo. Programu inakupa vipande vya muda vilivyo sawa kabisa, na njia ya mkato ni kuchukua pigo moja la ngoma, kulikata, kisha kulinakili mpaka wimbo uishe. Kwa njia hiyo kazi ingekwisha jioni moja na wimbo ungekuwa umekufa, kwa sababu utamu wa muheme uko katika namna wapigaji wanavyopishana, mmoja akitangulia na mwenzake akichelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hata mwili wa msikilizaji unaanza kusogea kabla hajajua kwa nini. Mama zetu wa Chamwino tuliwarekodi wote kwa pamoja uani kwa mmoja wao, kila ngoma na maiki yake, asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza kuvuma, na upepo wa Dodoma hauhitaji maelezo. Kisha, badala ya kuwalazimisha waifuate kompyuta, niliilazimisha kompyuta iwafuate wao: niliweka alama kwenye kila pigo la ngoma kubwa, nikaiacha kasi ipande na kushuka kuzunguka midundo 100 kwa dakika kama walivyoipiga, na hapo ndipo nilipoanza kupanga kiki na snea, yaani midundo mizito na mikali ya biti.

Mchanaji wetu, kijana aliyezaliwa na kukulia Chang'ombe ya hapa Dodoma, alikuja na mashairi aliyoyaandikia biti ya kawaida inayogawanyika kwa nne, ilhali mpigo wa mama zetu siku ile ulikuwa unagawanyika kwa tatu. Aliandika upya mashairi yote. Maudhui aliyaacha yalivyo, yaani mshahara umeingia, treni ya SGR imeshusha wageni kutoka Dar es Salaam, zabibu zimevunwa, watu wakutane. Alichobadilisha ni urefu wa mistari na mahali pa vina, ili silabi ziangukie kwenye nafasi zinazoachwa na ngoma. Kiswahili kilitusaidia sana hapo, maana mkazo wa maneno yetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila kina huacha silabi moja nyepesi baada ya mkazo, na ngoma ya kwanza ikaja kuingia juu ya silabi hiyo. Kwa mtu anayejiita mlinzi wa hip hop, hilo ndilo jambo la kusikiliza. Mistari ile ameghani kwa pumzi moja ndefu, bila kuungwaungwa, juu ya mpigo ambao wachanaji wengi wa mji huu wangeukimbia.

Kuhusu ala kuwa nje ya sauti, hapa hasira yangu ni kubwa kuliko pengine popote. Wagogo hupanga sauti za ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze, ala ya nyuzi, kwa kufuata sauti zinazojizalisha zenyewe ndani ya uzi mmoja, zile ambazo fizikia huzieleza kwa uwiano wa 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Sikio lililozoea kinanda peke yake linaweza kushtuka, lakini huko si kukosea. Ni mpangilio kamili wenye kanuni zake, na hayati Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka ulimwenguni na kurekodi albamu zilizotolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel huko Uingereza. Zipo programu za kunyoosha sauti ambazo zingeibadilisha ilimba iliyomo kwenye wimbo wetu ifanane na kinanda kwa kubonyeza mara moja tu. Tulikataa. Tulishusha noti moja moja za besi na za kinanda mpaka zikakaa sawasawa na ilimba, kazi iliyochosha masikio yetu sote, kwa sababu tuliona ni aibu kwa studio ya Dodoma kuisahihisha ala ya Dodoma. Halafu mtu aliyekaa mbele ya maiki katika mji huu huu anawaambia wasikilizaji wake, ambao wengi wao wamelelewa na sauti hizo, kwamba tumekosea.

Kuna jambo jingine ambalo dharau ya "kelele za harusini" hailifikirii. Wimbo wa sherehe husikilizwa katika mazingira magumu kuliko wimbo mwingine wowote: kwenye spika kubwa za ukumbini, kwenye bajaji yenye spika iliyopasuka, na zaidi ya yote kwenye simu, ambayo spika yake ndogo haiwezi kutoa sauti za chini kabisa za besi. Ukitegemea uzito wa besi peke yake, mwenye simu atasikia ngoma na sauti ya mchanaji tu, na katikati pabaki patupu. Ilibidi besi iongezewe mkwaruzo wa juu ili sikio liifuate hata pale ambapo spika haiwezi kuitoa, na mkwaruzo huo usigombane na viganja vya muheme ambavyo viko eneo hilo hilo la sauti. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo sababu tangazo lao linasikika vizuri kwenye simu zenu.

Sasa nije kwenye hoja kwamba hip hop si muziki wa sherehe. Tarehe 11 Agosti 1973, Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York, ili apate fedha za nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana, na kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Watu wa hip hop wenyewe huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa utamaduni wao. Ni mwaka ule ule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kwa hiyo hakuna mtangazaji wa mji huu mwenye sababu ya kuusahau. Miaka sita baadaye, mwaka 1979, wimbo wa kwanza wa kurap uliotikisa redio kubwa za Marekani, ule wa Sugarhill Gang, ulikuwa wa sherehe tangu mwanzo hadi mwisho, tena ulijengwa juu ya muziki wa kundi la Chic bila ruhusa, mpaka Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi hilo walipodai haki yao na majina yao yakaandikwa kama watunzi. Nyimbo za kupigania haki zilikuja na zikaupa utamaduni huu heshima yake, nami nazipenda kwa moyo wote, lakini zilikuta watu wamekwisha kukusanyika kwenye sherehe. Hapa kwetu, Professor Jay, aliyewaamsha wengi kwa mashairi mazito na baadaye akakaa bungeni hapa Dodoma kama mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, ametoa pia nyimbo za kuchezeka, na sijasikia redio iliyomvua uhip hop kwa ajili hiyo.

Wasikilizaji wenyewe hawakusubiri ruhusa ya kipindi. Wimbo umepigwa kwenye sendofu za Kisasa na Area C, wanafunzi wa UDOM wameutengenezea video zao fupi za kucheza, na pale Soko la Majengo nimeusikia ukitoka kwenye vibanda ambavyo wenyewe sifahamiani nao. Wapo waliotuambia tungefika mbali kama tungeondoa ngoma na kuweka mdundo unaotamba Dar es Salaam. Ushauri huo tuliusikia na hatukuufuata.

Lakini waliosikia tangazo ni wengi pia, na hapo ndipo madhara yalipoanza. Mama anayekiongoza kikundi cha Chamwino alinipigia simu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, tumesikia sauti zetu redioni wakitangaza sherehe. Wamekulipa kiasi gani?" Kabla ya kurekodi tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi kwamba kikundi kina fungu lake katika kila shilingi itakayoingia, nami nilikuwa nimewaapia kwamba hakuna mtu atakayeuza ngoma zao bila wao kujua. Nilimjibu, "Hapana mama, hawajanilipa chochote wala hawakuniomba," naye alinyamaza kwa muda, kisha akasema amenisikia. Sijui kama wajukuu zake waliokuwa wanasikiliza pembeni waliniamini. Vikundi kama hivyo vimewahi kurekodiwa na watu wengi waliokuja na magari na maiki, wakaondoka na sauti zao na wasionekane tena, kwa hiyo ana kila sababu ya kuuliza. Redio hii imeniweka kwenye orodha ya watu hao kwa kosa ambalo si langu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haikuacha shaka katika hili. Ulinzi wake hausubiri wimbo usajiliwe, bali huanza pale kazi inapokuwa imeundwa. Unamhusu mtunzi, unamhusu mwigizaji wa sauti na ala, yaani mama zetu wale na ngoma zao, na unamhusu pia aliyetayarisha rekodi. Mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, na haki hiyo inasimama peke yake hata pale ambapo fedha hazijazungumzwa. Kuweka muziki wa mtu chini ya tangazo la biashara kunahitaji idhini yake. Kupelekewa wimbo kwa ajili ya kipindi hakukuwapa idhini hiyo.

Tulipokwenda ofisini kwao, aliyetupokea alituambia tunapaswa kushukuru kwa sababu tunapata promo. Promo ya nani, ikiwa hakuna jina la mchanaji, la kikundi wala la wimbo linalotajwa mahali popote katika tangazo hilo? Kiongozi wa kituo alituahidi jibu, na tangu siku hiyo simu zetu hazipokelewi huku tangazo likiendelea kila siku, mara nyingi asubuhi kabla ya taarifa ya habari.

Tunachodai kinajulikana na kimo kwenye barua waliyonayo. Tangazo lisitishwe leo au wakae mezani nasi tukubaliane malipo, na katika kikao hicho mwakilishi wa mama wa Chamwino awepo, kwa kuwa sitapokea fedha yoyote kwa niaba yao wakiwa hawapo. Mtangazaji abaki na maoni yake kuhusu wimbo, hatumdai sifa. Lakini neno lake kwamba ilimba iko nje ya sauti alisahihishe kwenye kipindi kile kile alicholisemea. Wasipojibu, shauri litafika COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, na baada ya hapo mahakamani.

Kwa ajili hiyo naomba msaada wenu. Mwenye rekodi ya tangazo hilo, hata kama ameichukua kwa simu akiwa kwenye daladala, aiweke hapa pamoja na tarehe na saa aliyoisikia. Wasanii na watayarishaji wengine wa Dodoma ambao biti zao zimetumika kwa namna hii na kituo chochote waandike pia, kwa kuwa tukipeleka malalamiko pamoja hawataweza kusema ni bahati mbaya ya mara moja.